Pua Yangu na Damu ya Akwi

Buhehe, Busia
Ijumaa, 20 Juni 2025

Kwako Mama Eriku,

Nakusalimu wewe na mji wako wote, pamoja na wale kuku wako wasio na adabu. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ni ndefu na kuna mahali utataka kusimama. Mguu wako unaendeleaje? Bado unaukanda na yale mafuta ya kanisani, au umekubali kutafuta dawa? Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na hayo ni magoti ya kila mwaka. Huku mvua imenyesha ya kutosha, muhogo umesimama vizuri, maharage yameoza. Akwi mjukuu wetu yuko hai, anakula, anapumua kama watu. Nimeanza na hilo ili usisome nusu ukapiga mayowe, watu wakajaa uani kwako.

Utashangaa kwa nini nimeandika, mimi niliyeacha shule darasa la tatu. Ni kwa sababu wewe kwenye simu ukikasirika unakata, na mimi nikikatiwa nakasirika zaidi, na jambo linabaki palepale. Barua hata ukiitupa, kesho utaikuta ilipoangukia na maneno yake yote. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiteso najua cha kununulia viazi tu, na Kisamia wewe unajua cha kutukania. Tangu siku zile tukiuza mitumba mpakani, kabla Eriku wako hajamwoa Prossy wangu wakatufanya wakwe, mimi na wewe tumesikilizana kwa Kiswahili, na tumegombana kwa hichohicho. Makosa ya herufi yaache hapohapo yalipo. Barua analeta Otai muuza samaki, na nimeifunga kwa uji wa muhogo. Ukiona imefunguliwa, muulize yeye.

Sasa sikiliza.

Akwi alirudi kutoka kwako Jumapili ile ya tarehe ishirini na tano Mei, kesho yake shule inafunguliwa. Nilimwona amekonda. Sikusema kitu mbele za watu, lakini moyoni nilisema, huyu mtoto wa miaka kumi na miwili amekaa wiki tatu Tororo akila nini? Shingo kama ya bata. Naye maji anakunywa kama ng'ombe. Anaamka kwenda chooni, anarudi, anakunywa, anakwenda tena. Nikamkaripia. Nikamwambia huko kwa bibi yako Akurut umejifunza uvivu, kutwa kuzunguka mtungi ili usishike jembe.

Siku kumi na moja baadaye, Alhamisi, nilikuwa namsuka nywele. Kichwa chake kiko magotini pangu, anageuka kuniambia namuumiza, na pumzi yake ikanigonga usoni.

Unajua pua yangu. Miaka ishirini na sita nilipika waragi kabla sijaokoka, na hakuna mwanamke kutoka Masafu mpaka Bulumbi aliyenishinda kunusa. Nilikuwa sihitaji kuonja. Mtu akileta chupa yake nainusa tu, namwambia hii umeitia maji, hii pipa lako lina kutu, hii ni ya juzi. Basi kinywa cha yule mtoto kilinuka ile ya kwanza. Wewe hukupika waragi, wewe ni wa ajon, pombe ya wimbi ya kunyonywa kwa mirija, kwa hiyo nikueleze: pipa likianza kuchemka, matone ya kwanza yanayotoka kwenye mrija hayanywewi. Yana utamu mkali, kama ndizi iliyoiva kupita kiasi ukaichanganya na ile dawa wasichana wanayofutia rangi ya kucha. Hayo tunamwaga chini. Akinywa mtu anaweza kupofuka. Na mtoto wangu wa darasa la sita ananuka hayo.

Nilimpiga, Mama Eriku. Viboko vitatu vya mguuni. Hakulia sana, akaniangalia tu kama mtu aliyechoka. Nikapekua begi lake, nikakuta chupa ya soda tupu. Nikainusa, haikuwa na kitu. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikasema, kumbe wamemfundisha hata kuosha chupa. Aliniapia kwamba ni ya maji, anaificha shuleni kwa sababu mwalimu amechoka kumruhusu kutoka kwenda bombani. Sikumsikiliza.

Halafu nikakupigia wewe. Uliyoyasikia siku ile unayajua na sitayarudia yote. Nilisema chungu chako cha ajon kimemharibu mtoto, kwamba wazee wako na mirija yao wanamkalisha katikati yao na kumnywesha. Wewe unayekata simu, siku ile hukukata, ulinisikiliza mpaka salio langu likaisha. Baadaye Otai akaniambia umekigeuza chungu kifudifudi uani, na wazee wamebeba mirija yao wakaondoka kama watu waliofukuzwa kanisani. Niliposikia nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, niandike uongo wa nini.

Ijumaa akaanza kutapika. Kichwa kinauma, tumbo linauma, kiu. Sasa niambie, mwanamke aliyeuza pombe miaka ishirini na sita akiona mtu ananuka, ana kiu, anatapika, kichwa kinamuuma, atafikiri nini? Nimewaona mia. Nikamtibu kama nilivyowatibu wao: chai ya rangi, vijiko vitano vya sukari, kikombe asubuhi na kikombe jioni, ili iikate pombe. Na mtungi wa maji nikaukalia. Nilisema mtu aliyetafuta kiu yake mwenyewe aijue kidogo. Jumamosi hivyo, Jumapili hivyo, kanisani nikaenda peke yangu na nikawaambia akina mama wenzangu wamwombee mtoto aliyeharibiwa Tororo. Jumatatu alilala siku nzima, nikamwacha, nikasema inamtoka.

Jumanne asubuhi nilikwenda kumwamsha. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mwamba wa Tororo na gunia mgongoni, kifua kinapanda kinashuka, kwa nguvu, kwa haraka, naye amelala tu. Macho yameingia ndani. Nikamwita, akaniita mimi kwa jina la mama yake. Hapo ndipo magoti yangu yalisahau kwamba yanauma. Nilimbeba mpaka barabarani, Mama Eriku, na alikuwa mwepesi. Mtoto wa miaka kumi na miwili hatakiwi kuwa mwepesi hivyo kwa bibi yake. Bodaboda ikatupakia, mimi nyuma, yeye katikati, mpaka hospitali.

Hata pale bado nilikuwa na kichwa kigumu. Mganga aliuliza mtoto ana nini, nikamjibu kwa sauti, watu wote kwenye mabenchi wanasikia, kwamba amelewa siku ya tano, wamtie dripu alale. Akauliza amekunywa nini. Nikamwambia pombe ipi sijui, lakini harufu ni ya ile ya kwanza inayotoka pipani, ile inayomwagwa.

Nyuma yake alikuwa anapita msichana amevaa koti jeupe, amebeba kisanduku cha chupa za damu. Akasimama. Akakiweka kile kisanduku kwenye ukingo wa dirisha, akaja, akainama kinywani mwa Akwi kama mtu anayebusu mtoto, akavuta pumzi. Halafu akamwangalia kifua kinavyokwenda. Akaniambia, “Mama Taaka, mimi naijua ile ya kwanza. Hii si pombe. Huyu mtoto hajaonja kitu.”

Nilimtazama vizuri. Ni Justine, binti wa Maloba, yule marehemu Maloba aliyekuwa akinywa kwangu mpaka anasahau njia. Msichana huyu alikuwa akija kumchukua baba yake jioni, anakaa kando ya pipa langu akimngoja, na mimi namfukuza kwamba anazuia moshi. Leo ndiye mwenye maabara. Nilitaka kumwambia asinifundishe kunusa, lakini alikuwa ameshaita machela.

Walimkimbiza ndani. Justine akamtoboa Akwi kidole, akaweka tone kwenye kikaratasi cha mashine ya sukari. Mashine haikutoa namba. Ilitoa herufi, maana yake sukari imepita mahali inapoweza kuhesabu. Sukari, Mama Eriku. Na mimi nilikuwa nimempa vijiko vitano mara mbili kwa siku. Halafu akatoboa tena, kidole kingine, kikaratasi kingine, mashine nyingine. Nikaamka na ukali wangu. Nikamwambia mtoto hana damu ya kuchezea, amekwisha kukonda, unamtoboa mara mbili kama kitambaa, si umeshaona sukari? Kama unataka kingine si uchukue mkojo? Mkojo upo mwingi, wiki mbili huyu anakojoa tu.

Justine hakuniheshimu wala hakunikosea heshima. Alisema, bila kuinua macho, “Mkojo unakupa habari za jana. Damu inakupa za saa hii. Mimi nataka za saa hii.”

Mashine ikaandika tano nukta nane. Mimi nikapumua, nikasema asante Mungu, tano tu. Nilidhani labda inafika mia. Justine akanitazama, akaniambia mtu mzima wa afya hafikishi hata moja; ikipita tatu mtu yuko hatarini, na huyu ana karibu sita. Kinachopimwa kinaitwa ketoni. Wakamtoa damu nyingine ya mshipani kwa vipimo vya mashine kubwa, na dripu ikaanza, na insulini, na mimi nikatolewa nje kwa sababu nilikuwa naongea.

Baadaye, alipopata nafasi, alikuja akaketi na mimi kwenye benchi la maabara akanieleza mpaka nikaelewa, na mimi nitakueleza wewe, kwa sababu utahitaji. Mwili wa Akwi umeacha kutengeneza kitu kinachoitwa insulini. Hakuna aliyemlisha vibaya, wala wewe wala mimi, wala si sukari ya chai iliyomletea. Inatokea tu kwa watoto wengine. Insulini ndiyo inayofungulia chakula kiingie mwilini. Fikiria mwanamke ana ghala limejaa nafaka ya wimbi, lakini amepoteza ufunguo. Njaa inamuuma na ghala limejaa. Basi anaanza kung'oa miti ya paa la nyumba yake mwenyewe ili apate kuni za kupikia majani. Ndivyo mwili wa Akwi ulivyokuwa, sukari imejaa kwenye damu na hauwezi kuitumia, ukaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Moshi wa moto huo ndio ketoni. Zikijaa damu inakuwa chachu kama siki, na mtu anapumua kwa nguvu kuitoa ile siki, na pumzi inanuka. Ndiyo ile harufu. Kiu ni sukari inayokokota maji na kuyatoa kwa mkojo. Mimi nikamnyima maji.

Nilimuuliza kama pua yangu ilikosea. Akasema haikukosea sana, ile ya kwanza ya pipani na hii ya mwilini zinakaribiana harufu. Kilichokosea ni mdomo. Aliyasema hivyohivyo. Mtoto wa Maloba. Nikakubali, nilikuwa na kazi gani nyingine? Akaongeza kwamba nisije nikaitegemea pua hii tena, maana wako watu wengi wasioweza kuinusa kabisa, na hata mimi nikiinusa moto unakuwa umeshashika paa. Damu ndiyo inayowahi kusema.

Basi nilikaa kwenye lile benchi siku nzima. Kila baada ya saa mbili alikwenda kumtoboa, na kila akitoka mimi nasimama mlangoni namdai namba. Alichoka na mimi, akanipa kalamu, nikaandika ndani ya jalada la kitabu changu cha nyimbo. Saa nne asubuhi tano nukta nane. Saa sita ikapanda, sita nukta moja. Ikipanda, Mama Eriku, huku dawa inaingia. Niliona mambo mengi kwenye ile sita. Niliona jeneza la ukubwa wake. Nilikuona wewe ukishuka kwenye gari hapa kwangu na leso kichwani, husalimii mtu. Justine alisema nitulie, mwili haubadiliki kwa dakika moja, dripu imeanza tu. Nikamwambia kutulia atulie yeye.

Saa nane, tano kamili. Saa kumi, tatu nukta saba. Saa kumi na mbili jioni, mbili nukta sita, na Akwi akafungua macho akaniuliza kama bado nimekasirika. Nikamwambia nyamaza unywe maji. Akanywa vikombe viwili, mimi ndiye niliyeshika kikombe. Asubuhi ya Jumatano, sufuri nukta nne. Justine alitoka na namba hiyo anatembea polepole kwa makusudi ili anitese, halafu akanionyesha mashine yenyewe. Nilikumbatia lile koti jeupe mbele ya wagonjwa, na mimi si mtu wa kukumbatia, wewe shahidi.

Akwi amekaa siku sita, Jumatatu hii wametuachia. Anajichoma sindano mwenyewe, tumboni, anahesabu kwa sauti kama mwalimu. Mimi nafumba macho, yeye ananicheka. Ataishi na hiyo sindano, kila siku, hakuna siku ya kuiruka, hata akiugua, hata akikataa kula. Siku ya ugonjwa ndiyo zaidi ya kupima damu. Lakini ataishi. Justine anasema yuko mtu mzima ana ugonjwa huohuo, anafundisha sekondari, ana watoto watatu. Akwi akasema yeye hataki kufundisha, anataka maabara, ili awe anatoboa watu. Dawa inataka ubaridi na mimi sina friji, kwa hiyo muuguzi akanifundisha vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, katikati mchanga wenye maji, kitambaa kibichi juu. Unajua nimetumia chungu gani? Kile changu cha zamani nilichokuwa nachachushia kabla ya pipa, nilichokificha nyuma ya choo tangu nilipookoka. Nilikisugua siku moja nzima. Sasa kinakaa chumbani kwangu na kazi ya heshima.

Sasa tufike mahali nilipokuambia utataka kusimama.

Najua tangu ukurasa wa kwanza unasema moyoni, lakini huyu mtoto si alipimwa damu, ikawa safi? Mama Prossy si alinihakikishia? Hebu nijibu.

Akwi aliporudi ile Jumapili alikuwa na karatasi yako. Ulikuwa umeona kiu yake na kukonda kwake, ukampeleka kwa yule mhudumu wa afya wa kijijini kwenu, Mable, naye akaandika kwamba mtoto apelekwe hospitali haraka apimwe damu. Ulifanya vizuri. Ulifanya yote ambayo bibi anapaswa kufanya, na kwa sababu shule inafunguliwa ukaniachia mimi sehemu iliyobaki, ndogo tu, ya kumpandisha bodaboda.

Nilisoma ile karatasi polepole, neno kwa neno. Nilielewa. Usije ukasema Taaka hajui kusoma, hakuelewa. Nilielewa nikakasirika. Nikaona umeandikisha mtu anitangaze kwamba mimi naua mtoto kwa njaa. Nikaona ni njia yako ya kumchukua, maana kwa mila mtoto ni wa Eriku, wa kwenu, na mimi nakaa naye kwa hisani tu kwa sababu shule iko karibu na baba na mama yake wako Mukono kwenye mashamba ya maua. Kila likizo ikiisha naogopa hutamrudisha. Sijawahi kukwambia hilo na sitalirudia. Basi ile karatasi niliisokota, nikazibia chupa ya mafuta ya taa, kifuniko chake kilikuwa kimepotea.

Siku tatu baadaye ukanipigia kuuliza. Nikakwambia nimempeleka, wamempima, damu ni safi kama maji ya kisima. Nakumbuka hata maneno. Ukasema Mungu asifiwe, ukaanza kulia, na mimi nikakwambia acha kulia, salio linaisha.

Sikumpeleka popote. Hakuna aliyemtoboa kidole mpaka Jumanne ile.

Na la ajon pia. Pua hii ilijua siku ileile kwamba si ajon. Ajon ina uchachu wa wimbi na moto wa jivu, ningeitambua nikiwa usingizini. Nilijua si ya chungu chako, lakini nilitaka kosa litoke Tororo, nikalituma huko.

Jumatano ile Prossy na Eriku walifika. Mganga akawauliza kama mtoto aliwahi kupimwa kabla. Eriku akasema ndiyo, mama yangu aliniambia alipimwa damu ikawa safi. Mganga akatikisa kichwa, akasema hilo haliwezekani, kwa damu hii isingekuwa safi wiki mbili kabla. Nikamwona mwanao anavyofikiri. Akafikiri mama yake ametunga, kwamba umezidiwa na chungu chako ukasema uongo ili usisumbuliwe. Mimi nilikuwa nimesimama kando yake, nimeshika kikombe cha uji. Ningeweza kusema pale. Nikakoroga uji.

Ndiyo maana mwanao hajakupigia simu tangu siku ile. Hujafanya kosa. Sijalala vizuri tangu hapo, na si magoti.

Kwa hiyo barua hii msomee Eriku yote kwa simu, usiruke mahali, hata pale pa viboko. Mimi nitampigia Jumapili baada ya kanisa na nitakariri hayohayo, lakini nataka ayasikie kwako kwanza, ili wewe ndiye uwe na haki mkononi. Akina mama wa kanisani nao nitawaambia, mbele, nikiwa nimesimama. Prossy nimeshamwambia jana. Alinisikiliza mpaka mwisho kama wewe. Sijui hiyo tabia mmeitoa wapi.

Mkisema mtoto akae Tororo, nitafunga nguo zake mwenyewe na nitamleta mwenyewe. Sitabishana. Ninachoomba ni hiki kimoja: Jumatano ijayo ni siku yake ya kliniki. Njoo. Ulale hapa kwangu, utalala kitandani, mimi nitatandika chini. Justine amesema atakufundisha kama alivyonifundisha, kutoboa kidole, kusoma mashine ya sukari, na ile ya ketoni tukimwona anatapika au anaugua. Usimwogope, ana ulimi lakini mkono wake ni mwepesi. Mtoto huyu anahitaji mabibi wawili wanaojua kusoma namba, si mmoja mwenye pua.

Na chungu chako kiinue. Wazee warudishie cha kwao, wamekaa bila kosa. Kama una kingine cha kutosha kuingia ndani ya kikubwa, kisugue, ukitie mchanga, kwa sababu likizo ya Agosti Akwi atakuja na dawa yake na itataka pa kukaa.

Leo asubuhi amepima ketoni mwenyewe kabla ya shule, sufuri nukta mbili, akaandika kwenye kitabu changu cha nyimbo chini ya namba zangu, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Anasema nikusalimu na nikuulize kama yule kuku mwekundu ameangua. Nisalimie Odeke jirani yako, na Mable yule wa karatasi. Mwambie Mable aliandika vizuri, kila neno lilisomeka.

Nimeiweka humu ndani ya bahasha, ile karatasi yenyewe. Nimeinyoosha kwa pasi lakini imebaki na mikunjo. Usipoyaamini niliyoandika, inuse.

Ni mimi mkwe wako,
Taaka, Mama Prossy